Sura ya Saba: Haki za Aliyetumwa Kazini Ng'ambo ya Mpaka

Atokaye Moshi kwa njia ya Himo, Mlima Kilimanjaro ukiwa mkono wake wa kushoto, hufika Holili, mpakani mwa Tanzania na Kenya, na kwa utaratibu wa kituo cha pamoja hugongewa mihuri ya nchi zote mbili upande wa Taveta, kisha akaendelea na safari yake. Walakini wepesi wa kuvuka mpaka ni jambo moja, na dhamana ya ujira wa aliyevuka ni jambo jingine.

Wazee wa reli walilijua hili mapema. Katika zama ambazo njia ya Voi, Taveta na Kahe iliiunganisha Moshi na Mombasa chini ya shirika moja la reli, mtumishi aliweza kuhamishwa toka stesheni ya nchi hii hadi ya nchi ile bila kubadili mwajiri. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, haki zao za uzeeni zilikosa mwenyewe, hata mapatano ya mwaka 1984 yakaagiza kila nchi iwalipe raia wake, na wastaafu wengi wa Tanzania wakaendelea kudai kwa miaka mingi baadaye.

Jumuiya ya sasa ilijaribu kuziba ufa huo kwa Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyotiwa saini Arusha tarehe 20 Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ibara yake ya 10 yakataza ubaguzi wa uraia katika ajira na ujira, na yampa mfanyakazi mgeni haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi na kupata hifadhi ya jamii sawa na wenyeji. Lakini ibara hiyo yamkusudia hasa mtu anayepokea ajira ugenini, ilhali aliyetumwa ni yule ambaye mwajiri wake yuko kwao na jasho lake humwagika kwingine.

Tuchukue mfano wa fundi wa umeme aliyeajiriwa Moshi, akapelekwa Voi miezi miwili kutandaza nyaya hotelini. Michango yake ya mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF) iko Tanzania, ngazi anayopanda iko Kenya, na fundi wa Voi anayefanya naye kazi hulipwa kwa kima cha Kenya. Akianguka, nani atamtibu? Akinyimwa malipo ya saa za ziada, amshitaki nani, na wapi? Ulaya ilijibu maswali ya namna hii kwa agizo la mwaka 1996, lililompa aliyetumwa kima cha chini cha ujira na mapumziko ya nchi mwenyeji, na kwa marekebisho ya mwaka 2018, yaliyotaka ujira sawa kwa kazi iliyo sawa.

Kwetu, hadi Jumuiya itunge kanuni mahsusi, ngao ya kwanza ni mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaamuru mkataba wa anayekwenda kufanya kazi nje ya Tanzania uwe wa maandishi. Na aliyeachishwa kazi hupewa siku 30 tu za kufikisha shauri lake kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Basi ewe unayetumwa, kabla hujapanda gari la Holili, taka iandikwe ni ujira wa nchi gani utakaolipwa, nani atakayegharimia matibabu na nauli ya kurudi, na michango yako itapelekwa wapi. Nakala moja ibaki kwa watu wako nyumbani.