Spana namba 12: kipimo kilichojificha katika neno

Spana (ngeli ya I-/ZI-) ni kifaa cha kufungia na kufungulia nati na bolti. Katika gereji za Karatu, kunakotengenezwa magari yashukayo kreta ya Ngorongoro, fundi huomba “spana namba 12”. Namba hiyo si mpangilio wa seti, bali ni upana wa mdomo kwa milimita. Mwenye Toyota nyumbani hutosheka mara nyingi na namba 10, 12, 14 na 17. Fundi wa kazi huhitaji pia spana za inchi, kwani Land Rover za zamani hutumia kipimo hicho: nusu inchi ni milimita 12.7, hivyo namba 12 haiingii, na namba 13 hulegea ikala pembe za nati.

Nati iliyokaza hudai spana ya ringi, ishikayo pembe zote sita. “Spana malaya”, iitwayo hivyo kwa kukubali kila nati, ni ya dharura; katika maandishi rasmi “spana ya kurekebisha” hufaa zaidi. Barabarani porini, nati iliyolika pembe haina spana.