Rwanda: Kwa nini baiskeli ya chuma bado yafaa milimani

Njia ya Congo Nile, yenye kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi, humpima mwendeshaji na baiskeli yake pia. Baiskeli ya milimani yenye fremu ya chuma na shokamzoba ya mbele pekee kwa kawaida huwa nzito kuliko ya alumini, lakini ina faida mbili. Kwanza, nyuma haina viungo vya kulegezwa na tope. Pili, fremu ikipasuka mbali na mji, fundi wa kuchomelea aweza kuiunga ili safari iendelee. Alumini huhitaji ujuzi na vifaa maalumu. Adui wake ni kutu: baada ya mvua ikaushwe, na palipokwaruzika papakwe rangi mapema.