Hatua ya Kupanda Pantoni

Geti la kivuko cha Magogoni likifunguliwa, watu humiminika: vijana wenye mizigo kichwani, bodaboda, wanafunzi. Mzee hubaki nyuma, mkono ameushikiza kwenye chuma, akisubiri kundi lipite. Anachohofia ni ile hatua moja ya kuingilia, pale pantoni linapoyumba na sakafu imelowa.

Katika hatua hiyo macho hupima umbali, sikio la ndani huhisi mtikisiko, nyayo hutambua sakafu, na misuli ya mapaja na vifundo huubeba mwili usipepesuke. Umri hudhoofisha vyote hivyo, lakini miguu ya uzeeni bado inafundishika. Nchini New Zealand, utafiti uliochapishwa mwaka 1997 uliwahusu wanawake wa miaka 80 na zaidi. Waliofanya mazoezi ya nguvu na msawazo nyumbani walianguka mara chache kuliko wenzao. Mwaka 2019, uchambuzi wa tafiti 108 ulionyesha kuwa mazoezi hupunguza kuanguka kwa karibu robo.

Sisi huku tunawapenda wazee wetu kwa kuwakalisha. Bibi akiinuka kufuata maji, wajukuu watatu wanaruka: “Bibi, kaa, tutakuletea.” Zamani alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, akainuka, akachutama kufua, akainuka tena. Kule kuinuka ndiko kulikompa mapaja. Tumemwondolea kazi, na ni haki yake kupumzika, lakini hatukumpa kitu badala yake.

Cha kumpa hakina gharama. Kiti kigumu kisicho na magurudumu kiegemezwe ukutani. Akae na kusimama, taratibu, akijaribu kutotumia mikono. Ashike meza, anyanyue visigino. Asimame kwa mguu mmoja huku kidole kikigusa meza. Akizoea, atembee kandokando ya ukuta, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya msawazo na nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki. Mwenye kizunguzungu, au aliyekwisha kuanguka, amwone daktari kwanza; baadhi ya dawa za presha nazo huyumbisha.

Jioni ya leo, ewe mjukuu, bibi akitaka kuinuka, usimvute mkono. Simama karibu yake, mwache ainuke mwenyewe.