Matembezi ya siku moja Kitulo: Chagua mwezi, chunga saa

Na Mwandishi Wetu, Songea

WAKAZI wa Mshangano na kata nyingine za Manispaa ya Songea wanaofikiria kutumia likizo ya mwisho wa mwaka kutembea kwa miguu katika Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, hawana budi kuamua mambo mawili kabla ya kukata tiketi ya basi: mwezi wa kwenda na saa ya kugeuza. Mengine yote, kuanzia viatu hadi chakula, hutegemea hayo mawili.

Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 412.9 na iko katika mikoa ya Njombe na Mbeya, katikati ya safu za milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Sehemu yake kubwa ni uwanda wa nyasi ulioko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati kilele cha Mtorwi kina urefu wa mita 2,961. Wenyeji huuita uwanda huo Bustani ya Mungu, kwani aina zipatazo 350 za mimea zimeorodheshwa humo, zikiwamo aina 45 za okidi.

Wanyama wakubwa ni wachache. Vivutio vyake ni maua, ndege na mandhari, vitu ambavyo mtu huviona vizuri zaidi akiwa anatembea kuliko akiwa ndani ya gari.

Maua au wepesi wa njia

Vitabu vingi vya matembezi ya milimani vimeandikwa Ulaya na Marekani, na hushauri msomaji aende kati ya Juni na Agosti kwa kuwa huko ndiyo miezi ya joto. Anayefuata ushauri huo Kitulo atajikuta ndani ya ukungu na baridi kali, na alfajiri nyingine atakuta umande umegeuka barafu juu ya nyasi.

Msimu wa joto wa Nyanda za Juu Kusini huja na mvua. Maua ya Kitulo huchanua kwa wingi kati ya Desemba na Aprili, wakati huohuo ambapo njia huwa na utelezi na radi hupiga mara kwa mara. Miezi ya Septemba hadi Novemba ina jua zaidi na ni myepesi kwa kutembea, lakini maua ni machache.

Kwa hiyo, mwenye kutaka maua akubali kulowa na ajiandae hivyo. Mwenye watoto au wazee, au anayepanda mlima kwa mara ya kwanza, ni heri aanze na Septemba au Oktoba, kisha arudi kwa ajili ya maua akishaijua njia.

Hesabu ya saa

Katika msimu wa mvua, asubuhi mara nyingi huwa shwari. Jua linapopanda, ardhi hupata joto, hewa yenye unyevu hupanda juu na mawingu hujikusanya, hata ngurumo zikaanza baada ya adhuhuri. Kwenye uwanda usio na miti, mtu aliyesimama huwa ndicho kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu naye, na hapo ndipo hatari ya radi inapozidi.

Ipo hesabu rahisi inayotumiwa na wapanda milima tangu mwaka 1892, iliyotolewa na William Naismith wa Scotland. Kila kilomita 5 za njia huhesabiwa saa moja, na kila mita 600 za kupanda huongezewa saa nyingine. Hesabu hiyo ilikusudiwa watu wenye mazoezi. Asiyezoea aongeze nusu ya muda huo, pamoja na mapumziko.

Kwa mfano, mzunguko wa kilomita 10 wenye mwinuko wa mita 300 ni saa mbili na nusu. Ukiongeza nusu yake zinakuwa saa tatu na dakika 45, na ukiweka dakika 45 za kupumzika na kutazama maua zinafika saa nne na nusu. Kundi litakaloanza saa 1:30 asubuhi litakuwa limerudi saa 6 mchana. Kundi hilohilo likianza saa 4 asubuhi, litakuwa bado njiani saa 8 mchana, wakati mawingu yamekwisha kujaa.

Ndiyo maana saa ya kugeuza hupangwa kabla ya kuondoka na haibadilishwi njiani, hata kama kilele kinaonekana kuwa karibu. Aidha, sekunde zinazopita kati ya mwanga wa radi na ngurumo yake, zikigawanywa kwa tatu, hutoa umbali wa radi kwa kilomita. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10. Kundi lishuke mabondeni au lirudi kwenye gari, likae mbali na mti ulio peke yake, na lisiendelee na safari hadi zipite dakika 30 bila ngurumo.

Hewa nyepesi, baridi kali

Mji wa Songea uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda, hivyo uwanda wa Kitulo unaweza kuwa na baridi inayozidi ya Songea kwa nyuzi 9 au 10, kabla ya kuhesabu upepo na mvua.

Oksijeni inayoingia kwa kila pumzi katika kimo hicho ni pungufu kwa takriban robo ikilinganishwa na ufukweni. Maradhi ya mwinuko huanza kuwapata baadhi ya watu kwenye mita 2,500 hivi, na dalili zake ni kuumwa kichwa, kichefuchefu na uchovu usio wa kawaida. Anayezipata asiendelee kupanda, na zikizidi ashushwe mara moja. Wenye maradhi ya moyo, mapafu au selimundu, pamoja na wajawazito, wapate ushauri wa daktari kabla ya safari.

Hatari inayodharauliwa zaidi ni nguo zilizolowa. Suruali ya jinzi na fulana ya pamba zikishalowa hukaa na maji na kuunyonya mwili joto. Mtu anayetetemeka bila kukoma, anayejikwaa na kuanza kutamka maneno kilevi, amekwisha kupoteza joto la mwili. Avuliwe nguo mbichi, avikwe kavu, akingwe na upepo na apewe kinywaji cha moto ikiwa anaweza kumeza.

Vifaa vinavyohitajika si vya gharama kubwa, kwani vingi hupatikana katika masoko ya mitumba: sweta la sufi, koti la mvua, kofia na viatu vyenye soli ya meno. Kila mtu abebe angalau lita 2 za maji, nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na chakula kisichohitaji kupikwa, kama karanga, ndizi mbivu, chapati au viazi vilivyochemshwa. Chupa ya chai ya moto ni mzigo wenye faida.

Matembezi ya siku moja, safari ya siku tatu

Kutoka Songea hadi Makambako ni takriban kilomita 300, kisha msafiri hufuata barabara kuu ya Mbeya hadi Chimala na kupanda kwenda Matamba kwa barabara iitwayo Hamsini na Saba, kutokana na idadi ya kona zake. Njia nyingine ni ya kutoka Njombe kupitia Makete. Haiwezekani kwenda, kutembea na kurudi Songea kwa siku moja.

Kulala Njombe, mji ulioko karibu mita 1,950, huusaidia mwili kuanza kuzoea. Siku ya pili ni ya kutembea, na ya tatu ni ya kurudi. Viingilio na utaratibu wa kupata mwongozaji viulizwe mapema kwa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA).

Mgeni pia ana wajibu wa kutong'oa chochote. Okidi za nyanda hizi zimechimbwa kwa wingi na viazi vyake kusafirishwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda, biashara ambayo ni miongoni mwa sababu za kutafutwa ulinzi wa hifadhi. Okidi inayong'olewa na kiazi chake haichipui tena.

Mazoezi yaanzie nyumbani. Milima ya Matogoro, unakoanzia Mto Ruvuma, iko jirani na mji wa Songea, na kwa kuwa ni msitu uliohifadhiwa, anayetaka kuipanda aombe kwanza ruhusa ya wahusika. Anayeweza kupanda na kushuka huko kwa saa tatu, akiwa na mzigo mgongoni na bila kuhema kupita kiasi, yu tayari kwa Kitulo. Asiyeweza ajipe wiki kadhaa zaidi. Na siku ya kuondoka, amwachie ndugu au jirani jina la njia atakayopita na saa anayotarajiwa kurudi, kwa maana simu inaweza kukosa mtandao huko juu.