Kongosho Nyuma ya "Vidonda vya Tumbo": Nafasi ya Endoskopia ya Ultrasaundi kwa Wagonjwa wa Kisesa

Mgonjwa wa Kisesa, wilayani Magu, anayelalamikia maumivu ya chembe cha moyo, tumbo kujaa na kichefuchefu baada ya kula, kwa kawaida hujitambulisha kuwa ana vidonda vya tumbo. Dhana hiyo ina msingi: bakteria wa Helicobacter pylori wameenea Afrika Mashariki, na katika ukanda wa Ziwa Victoria kichocho cha tumbo nacho hakiwezi kupuuzwa. Ipo hata hivyo sababu nyingine isiyoonekana kirahisi, nayo ni ugonjwa wa kongosho.

Kongosho limelala nyuma ya mfuko wa chakula. Endoskopia ya kawaida huonyesha utando wa ndani tu. Ukionekana safi, mgonjwa hurudi nyumbani na dawa za kupunguza asidi. Ultrasaundi ipimwayo juu ya ngozi hukwamishwa na gesi ya utumbo. Endoskopia ya ultrasaundi huvikwepa vikwazo vyote viwili, kwa kuwa kitoa mawimbi ya sauti kimewekwa kwenye ncha ya mrija unaomezwa na kongosho hupimwa kwa karibu sana kupitia ukuta wa mfuko wa chakula na duodenamu. Uvimbe wa chini ya sentimita 2, ambao skani ya CT huweza kuukosa, huonekana, na sindano huweza kupitishwa papo hapo kuchukua sampuli.

Ubora huo una hatari yake. Mabadiliko madogo ya kongosho huonekana pia kwa wazee, wavutaji sigara na wanywaji pombe wasio na ugonjwa wowote. Vigezo vya Rosemont, vilivyochapishwa mwaka 2009, vilikusudiwa kupunguza tofauti za wataalamu katika kuzisoma picha hizo, wala havikuziondoa. Kumpima kila mwenye kiungulia kungezalisha wagonjwa wa picha, si wa mwili.

Kwa hiyo swali la Kisesa ni nani apewe rufaa. Hospitali ya Bugando, jijini Mwanza, iko umbali wa takribani kilomita 20, lakini nauli na siku ya kazi inayopotea ni mzigo halisi kwa mkulima. Kwa maoni ya mwandishi, atangulizwe mwenye umri unaozidi miaka 50 ambaye dalili zake zimeendelea baada ya tiba ya Helicobacter pylori, hasa akiwa amepungua uzito, amepata kisukari kipya, ana choo chenye mafuta, au maumivu yake yanapenya hadi mgongoni. Kipimo hiki kisipopatikana, kundi hilo lifanyiwe skani ya CT bila kusubiri macho yawe ya manjano.