Denmark: Upepo wa bahari wapasha joto nyumba za Esbjerg

Katika mji wa Esbjerg, magharibi mwa Denmark, maelfu ya familia zinapata joto la nyumbani kutoka kwa maji ya bahari yaliyo baridi. Mtambo mkubwa wa megawati 70 umechukua nafasi ya kiwanda kilichochoma makaa ya mawe. Unatarajiwa kuhudumia karibu nyumba 25.000.

Mtambo huo unaitwa pampu ya joto. Unafanya kazi kama frigo iliyogeuzwa: frigo inatoa joto ndani na kulitupa nje, pampu inachukua joto kidogo lililo baharini, inalikandamiza, kisha inalipeleka kwenye maji ya mabomba yanayoingia majumbani. Kwa kipimo kimoja cha umeme, pampu nzuri hutoa karibu vipimo vitatu vya joto.

Umeme wenyewe unatoka kwa sehemu kubwa kwenye upepo. Usiku upepo unapovuma sana na bei ya umeme inashuka, pampu inafanya kazi kwa nguvu. Upepo ukitulia, boila inayochoma vipande vya mbao inasaidia.

Lakini Denmark haikufika hapo kwa siku moja. Mwaka 1957, fundi Johannes Juul alisimamisha mtambo wa upepo wa kilowati 200 huko Gedser. Ulifanya kazi miaka kumi, kisha ukaachwa kwa sababu mafuta yalikuwa rahisi. Mwaka 1973 mafuta yakapanda bei ghafla, na nchi iliyategemea karibu kwa kila kitu. Serikali ikakataza magari siku ya Jumapili, na watu wakaanza kukumbuka mtambo wa Gedser.

Mwaka 1979 ikatoka sheria ya kupanga joto la nyumba: mabomba ya pamoja mitaani, badala ya kila familia na boila yake. Mwaka 1991 mitambo 11 ikasimamishwa baharini huko Vindeby, shamba la kwanza la upepo baharini duniani. Leo upepo unatoa zaidi ya nusu ya umeme wa Denmark.

Wataalamu wana ngazi tisa za kupima ukomavu wa teknolojia, zilizobuniwa na shirika la NASA la Marekani. Ya kwanza ni wazo tu, ya tisa ni chombo kinachofanya kazi kila siku. Mitambo iliyosimikwa chini ya bahari imefika juu kabisa. Ile inayoelea, kama mitano ya Hywind iliyowashwa Scotland mwaka 2017, ingali na gharama kubwa.

Hata hivyo, ngazi hizo hazipimi nyumba. Nyumba ya zamani yenye kuta zinazopitisha baridi itapoteza joto hata kama mtambo ni mpya. Ndiyo maana wenye nyumba wanashauriwa kuziba kwanza madirisha na dari, kisha ndipo kubadilisha boila.

Huku kwetu, mbabula ndiyo inayoingizwa chumbani wakati wa baridi ya mwezi wa sita Lubumbashi, na moshi wake usioonekana unaua. Shaba inayochimbwa Haut-Katanga na Lualaba ni chuma ambacho mitambo ya upepo na pampu za joto haziwezi kukosa. Shaba inasafiri mbali. Joto salama bado halijafika kwa wengi wanaoishi karibu na machimbo.