Kwa Nini Mafuta ya Kukaangia Hayawi Nta kwa Kuchemshwa

Fungueni madaftari yenu.

Mama mmoja mpika maandazi anauliza: "Mafuta yaliyobaki karaini nimeyachemsha sana yawe nta ya mishumaa. Mbona hayagandi?"

Mama, usichemshe tena. Moto peke yake haugeuzi mafuta kuwa nta. Yakizidi moto hutoa moshi, kisha huwaka. Yakiwaka usimwagie maji. Zima jiko, funika karai.

Sasa sababu. Mafuta ya nazi huyeyuka katika joto la Mombasa, na huganda katika baridi ya Limuru. Mafuta ya alizeti hayagandi hata Limuru. Kwa nini? Mafuta yote ni chembe ndefu, ndogo mno, hazionekani kwa macho. Fikirini mzigo wa kuni. Kuni zilizonyooka hulala pamoja, zikabanana. Zilizopinda hazibanani. Chembe za nazi nyingi zimenyooka. Za alizeti nyingi zimepinda.

Mwaka 1902 uvumbuzi wa Mjerumani Wilhelm Normann wa kuzinyosha ulilindwa kwa hati. Mafuta yaliyosafishwa hutiwa katika pipa la chuma pamoja na unga wa madini ya nikeli. Hupashwa moto, kisha hewa iitwayo haidrojeni husukumwa ndani. Hewa hiyo hushikana na chembe pale zilipopinda, nazo hunyooka. Nikeli huharakisha kazi tu, baadaye huchujwa. Mafuta ya alizeti yakishiba haidrojeni huwa magumu, meupe, wala hayayeyuki mpaka joto likaribie digrii 70. Nta hiyo hutengenezewa mishumaa. Lakini haidrojeni hulipuka, basi hiyo ni kazi ya kiwanda, si ya jikoni.

Je, Mama ayamwage? Hapana. Achuje makombo kwa kitambaa, ayaache yatulie usiku mzima. Kesho atie kijiko 1 cha nta ya nyuki katika kopo, aliweke kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta ikiyeyuka, aongeze vijiko 3 vya mafuta, akoroge, aache yapoe. Atapata nta laini ya kupaka mikanda ya ngozi na mipini ya majembe. Mafuta yaliyokaanga samaki yatanuka samaki, kwa hiyo viatu vya kanisani avipake kitu kingine.

Andikeni sasa: chembe, chuja, ganda, yeyuka.